Tandiko la Bi Mkubwa

Kambini, tarehe 11, mwezi wa pili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi chako cha asubuhi kimepata pengine pa kwenda. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, lakini hapa tumekonda wote, kwa hiyo hakuna anayeona tofauti.

Nina habari moja. Nimetolewa kwenye kikosi cha bunduki na kupelekwa kwenye kikosi cha nyumbu. Afande aliuliza nani kati yetu amekua na wanyama. Nikanyoosha mkono, kichwani nikiwafikiria wale mbuzi wako wawili wa uani. Sikusema kwamba mmoja alikuwa akinipiga pembe kila nikipita. Nyumbu, kama hujawahi kumwona, ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Ana masikio ya baba, miguu ya mama, na akili zake mwenyewe. Kazi yetu ni kupandisha risasi na chakula huko milimani ambako gari halifiki. Mwenzangu ni mtu mmoja tunamwita Mrefu. Yeye hufunga mzigo juu ya mgongo wa nyumbu bila hata kunyoosha mikono, na mimi nipo upande wa pili kama mtoto anayechungulia dirishani. Ananitania kutwa kucha na mimi nimemzoea. Asiponitania najua anaumwa.

Nikueleze jambo lililotokea ili ujue kazi yenyewe ikoje. Wiki iliyopita tulikuwa bondeni, adui yuko ng'ambo, tumekatazwa hata kupiga chafya. Asubuhi mtu mmoja akagusa ndoo ya shayiri. Nyumbu akasikia, akalia. Sauti yao huanza kama ya farasi na kumalizia kama ya punda, na husikika hadi mlima wa pili. Mizinga haikukawia. Watu wetu tuliwazika, wanyama tuliwaacha pale pale. Tangu siku hiyo Afande hataki mnyama mwenye sauti. Tumeambiwa wataletwa wengine kutoka huko nyuma, waliokwisha kutengenezwa. Sikuuliza wanatengenezwaje.

Niombee. Na usiuze mbuzi.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 26, mwezi wa pili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kikohozi nacho kizima, tunaishi pamoja kwa amani. Mbuzi niliwauza mwezi uliopita, kwa hiyo umechelewa kunikataza. Yule mwenye pembe alimpiga pia mnunuzi, nikapunguza bei.

Hilo ambalo hukuliuliza nitakujibu mimi, maana huko wanakotengenezwa ndiko ninakofanya kazi. Nimepata kibarua kwenye zizi la jeshi, nyuma ya stesheni. Nalisha, nazoa samadi, naosha vidonda. Yuko Daktari wa wanyama, mtu mpole, mikono yake misafi kuliko vyombo vyangu. Anamlaza nyumbu kwa dawa ya usingizi, anampasua kooni, anakata kitu chembamba, anashona. Mnyama akiamka hufungua mdomo, mbavu zikapanda na kushuka, na hakitoki chochote. Siku za mwanzo nilikuwa nikirudi nyumbani chakula hakipiti. Sasa kinapita. Barua yako nayo imenisaidia, maana nilikuwa sijui sababu. Nikiosha kidonda najiambia, huyu hatamponza mwanangu.

Dawa ya usingizi imeanza kuadimika. Daktari basi ameweka utaratibu mpya, nao uko mikononi mwangu. Asubuhi wakiwa na njaa napita mbele yao na ndoo, naigonga ukingoni. Anayelia anapelekwa kwenye kisu. Anayenyamaza anaachwa, maana mkimya wa kuzaliwa kumkata ni kuharibu dawa. Kisha nawapaka wote rangi nyekundu kwenye ukwato mmoja wa mbele, walionyamazishwa na walionyamaza wenyewe. Ukiona kwato nyekundu huko kwenu, ujue mkono ni wangu, hata kama nimepaka upogo.

Yupo mmoja nimemwita Mstaarabu. Wenzake wakiona ndoo wanapiga makelele kama wadai, yeye anakaa anangoja, anapokea, anatafuna. Husimama wakati wote ubavuni mwa farasi jike mzee tuliye naye hapa, Bi Mkubwa, ambaye kazi yake ni kuwatuliza tu. Nyumbu hupenda sana farasi jike kwa sababu mama zao ni farasi. Nilipogonga ndoo, Mstaarabu hakulia. Niligonga tena. Hakulia. Nikampaka rangi na nilifurahi siku nzima. Wiki ijayo wanapanda treni kuja huko.

Kula vizuri. Mrefu nisalimie, mwambie asikuonee.

Shangazi yako


Nyumbani, tarehe 6, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Salamu nitakupa siku nyingine, leo nina haraka. Mimi mzima.

Treni imeondoka leo. Bi Mkubwa alikuwa apande nao, lakini mguu umemvimba, wakamwacha. Nyumbu wakaingizwa kwenye mabehewa bila yeye. Treni ilipoanza kusogea, kwenye behewa la mwisho ikatoka sauti. Mwanangu, sijawahi kusikia kilio kama kile kwa mnyama wala kwa mtu. Nilichungulia kati ya mbao zake nikamwona. Mstaarabu. Alilia mpaka treni ikapinda kona, na bado nilikuwa namsikia.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa na msemo huo kinywani siku zote nisiutumie. Hakuwa mkimya. Alikuwa ametulia tu, kwa sababu aliyempenda yuko kando yake. Ndoo haikuwa na neno kwake.

Nilimkimbilia Daktari. Akasema labda nimesikia filimbi. Nikamwambia filimbi naijua, nimekaa nyuma ya stesheni hii tangu nikiwa msichana. Akajibu kwamba treni hairudishwi kwa ajili ya nyumbu mmoja, na kwamba nisiendelee kulisema. Si mtu mbaya. Ameogopa.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Ana rangi ya chai yenye maziwa mengi, sikio la kulia limechanika ncha. Ukwato wake mwekundu ni wangu. Nimekupelekea kilio kile kile kilichowaua wenzako. Mtafute kabla hamjapanda mlima.

Shangazi yako


Kambini, tarehe 19, mwezi wa tatu

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mbio. Mimi sijambo.

Nyumbu wako amefika, na barua yako imemfuata kwa treni ya pili. Sikuhitaji kutazama sikio. Tangu aliposhushwa anasimama akiangalia reli ilikotoka, na kila baada ya muda analia. Bahati bado tuko mbali na adui, hapa hata sisi tunaongea kwa sauti. Mrefu alisema, "Hatimaye wametuletea mmoja anayejua kulalamika."

Afande yeye hakucheka. Alisema mnyama huyu akatwe kabla hatujaondoka. Daktari hatuna. Tunaye kinyozi wa kikosi, ambaye hung'oa pia meno, na wembe wake nimeuonja shingoni kwangu. Dawa ya usingizi haipo hata ya watu. Nikamweleza Afande habari za Bi Mkubwa, kwamba si mlalamishi, ana upweke. Afande akaniuliza kama nimemwona mtu yeyote hapa asiye na upweke. Kisha akasema afadhali punda afe mzigo ufike. Nikamjibu huyu ni nusu tu ya punda. Hilo likampendeza kidogo, akanipa muda mpaka siku ya kuondoka, mwishoni mwa mwezi ujao. Asipokuwa amenyamaza, kinyozi.

Shangazi, wewe unamjua. Nifanye nini? Sitaki kuona wembe ule, na sitaki kupanda naye mlima akiwa hivi. Nina hofu zote mbili, na sijui ipi kubwa.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 2, mwezi wa nne

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Hapa mvua zimeanza, zizi limekuwa tope, lakini kazi haina kulala.

Nimemwomba Daktari amtume Bi Mkubwa huko. Amekataa, mguu bado. Nikawaza siku mbili tatu. Farasi mzima siwezi kumtia kwenye kifurushi, lakini harufu yake naweza. Ndani ya kifurushi hiki kuna tandiko lake, lile analofunikwa mgongoni usiku na mchana tangu nianze kazi. Nimeliiba. Daktari ameliona limepotea, akaniangalia, na mimi nikamwangalia, yakaisha.

Usilifue. Najua wewe, ukiona kitu kichafu mkono unawasha. Usilifue, usilianike juani. Livae mabegani ukiwa naye. Unapomlisha, livae. Unapolala, lala karibu yake ukiwa umejifunika hilo hilo. Usimpige hata mara moja. Mwache akuone wewe na harufu ile kuwa kitu kimoja.

Sijui kama litafaa. Ni wazo la mtu anayezoa samadi. Lakini tangu treni ile iondoke sijapata usingizi wa maana, nikifumba macho nakuona wewe bondeni na yeye amefungua mdomo.

Shangazi yako


Kambini, tarehe 20, mwezi wa nne

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo kabisa, na leo nina maneno mengi mazuri.

Kifurushi kilifika, na kabla sijakifungua posta nzima ilijua ndani kuna farasi. Nililivaa tandiko nikaenda alipo. Alikuwa anatazama reli. Akageuza kichwa polepole, akanusa bega langu la kushoto, la kulia, kisha akaweka kidevu juu ya kichwa changu na kuvuta pumzi ndefu. Hakulia jioni hiyo, wala kesho yake, wala mpaka leo.

Watu wananiita Bibi Harusi, kwa sababu ya kujifunika. Mrefu amekuwa mshenga, anauliza mahari imelipwa na nani. Nawaacha waseme. Afande alikuja na ndoo mwenyewe, akaigonga mpaka ikabonyea. Mstaarabu alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayepiga kelele msibani. Afande akasema haya, aende, lakini akilia mara moja tu, kinyozi.

Nikuambie jambo jingine. Mvua ya wiki iliyopita ililowesha tandiko, nikalikausha kwenye moshi wa jiko, hakukuwa na namna. Sasa halinuki Bi Mkubwa hata kidogo, linanuka mimi. Nilidhani basi, tumekwisha. Lakini nilipoenda kwake bila tandiko akanifuata vile vile. Nikienda kuteka maji anakuja. Nikiingia hemani, anasimama mlangoni. Shangazi, ananipenda mimi sasa. Tangu niingie jeshini nilikuwa sijacheka kwa kitu changu mwenyewe, na siku hiyo nilicheka.

Tunaondoka wiki ijayo. Huko juu posta ni ya kubahatisha, usiwe na hofu ukiona kimya.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 5, mwezi wa tano

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka peke yangu zizini, Bi Mkubwa akanishangaa. Nimeisoma mara ya pili nikaacha kucheka.

Unasema tandiko halina harufu tena na bado anakufuata. Basi fikiri vizuri. Bi Mkubwa wake sasa ni wewe. Na Bi Mkubwa alipobaki nyuma, nilikuandikia kilichotokea. Sisemi usimpende, jambo hilo haliombwi ruhusa. Ila mzoeshe na watu wengine. Mrefu amlishe. Siku moja wewe ukae, Mrefu aondoke naye kidogo, halafu mbali zaidi. Fanya hivyo kabla hamjafika panapotakiwa kimya. Nililokuambia kwanza halikuwa limekamilika, na lililobaki ndilo hili.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Shangazi yako


Nyumbani, tarehe 10, mwezi wa sita

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Hii ni barua ya pili sijapata jibu, lakini uliniambia posta ni ya kubahatisha, kwa hiyo sihesabu. Hapa wanaleta nyumbu wengi. Ndoo inagongwa kila asubuhi. Walionyamaza wanapita, na mimi napaka rangi, kwa sababu nikimwambia Daktari jambo lile anasema bado sina ushahidi. Mguu wa Bi Mkubwa umepona.

Imefika barua ile ya kumzoesha na watu? Niambie tu kama imefika.

Shangazi yako


Hospitali ya jeshi, tarehe 28, mwezi wa sita

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika mwenyewe, kwa hiyo ujue mikono ni mizima na kichwa nacho kinafanya kazi. Mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili. Wanasema utaunga ila utakuwa mfupi kidogo. Kwingine sina kidonda.

Barua zako zote mbili nimepewa hapa, kwa pamoja. Ile ya mwezi wa tano nimeisoma. Wewe uliliona jambo na ukaogopa. Mimi niliona jambo lile lile nikalifurahia.

Nitakueleza kwa mpangilio. Tulikuwa tumepanda muda mrefu bila hata risasi moja kutupata. Kikosi chetu kilisifiwa kwa ukimya, Mstaarabu akatangulia mbele kwa sababu alikuwa na mguu wa uhakika kwenye mawe. Siku hiyo ilikuwa mchana, ukungu umeshika, adui yuko ng'ambo ya korongo, karibu kiasi kwamba tulisikia mmoja wao anakohoa. Jiwe likateleza chini yangu nikaenda nalo. Sikupiga kelele. Nilijiuma mkono. Afande alikuja akitambaa, akautazama mguu, akaonyesha kwa vidole kwamba nibebwe nirudishwe nyuma, na mzigo uendelee, maana waliokuwa mbele walikuwa wameishiwa risasi.

Nililiwaza, Shangazi. Hata mimi si mjinga. Nilivua tandiko nikampa Mrefu, nikamwonyesha alivae. Akalivaa. Akaniwekea mdomo sikioni akasema, "Sasa bibi harusi ni mimi, na wewe umeachika." Ndilo neno la mwisho aliloniambia. Wakaninyanyua kwenye machela, tukaanza kurudi njia tuliyojia.

Hatukufika mbali. Nilimsikia. Mwanzo kama farasi, mwisho kama punda, vile vile nilivyokuandikia, na haikukoma. Nitakuambia wewe kitu ambacho sitamwambia mwingine. Kabla ya mizinga, kwa muda mfupi sana, nilifurahi. Nilifurahi kwamba kuna anayenililia. Kisha ikaanza, na machela ikaangushwa, na kila mtu akalala chini.

Mrefu amekufa, na wengine wawili pamoja naye. Walioponea wanasema alikuwa ameuziba mdomo wa mnyama kwa mikono yote miwili, na shati lake alikuwa amelivua kulisokomeza puani. Hakumwachia. Bomu liliwapata watu, Mstaarabu likamkosa.

Jioni, kwenye kituo cha majeruhi, nikiwa kwenye mstari wa machela, nikaona watu wanapisha. Alikuwa anakuja na njia, mzigo umeinama upande mmoja, risasi zote zipo. Alipita machela moja baada ya nyingine akinusa, akafika kwangu, akasimama. Hakulia tena. Alikuwa amepata alichokuwa anakitafuta.

Nilidhani Afande atampiga risasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Lakini wanyama walikuwa wamepungua na mgongo wake ulikuwa mzima. Kesho yake asubuhi alikuja na kinyozi. Walijaribu kumfunga, akawatawanya. Walijaribu watu sita, akavunja mbavu za mmoja. Basi Afande akanijia, akachuchumaa. Hakuniamuru. Alisema, "Wewe ukiwa karibu atatulia." Nilijua anasema kweli, na nilijua Mrefu yuko chini ya udongo.

Wakamleta kwenye machela yangu. Nikamshika kichwa, nikamwekea paji langu kwenye paji lake. Hakuwekewa dawa wala hakufungwa kamba. Alitetemeka mwili mzima lakini miguu hakuisogeza, Shangazi, tangu kinyozi alipoanza mpaka alipomaliza kushona, kwa sababu mimi nilikuwepo.

Wakamtia mzigo siku ya tatu, wakaondoka naye. Alikuwa akigeuka nyuma na kufungua mdomo. Nililala nikaangalia juu.

Mama yake Mrefu ameandika hapa hospitali, akiuliza mwanawe alikufaje. Barua nimepewa mimi nijibu kwa sababu nilikuwa mwenzake. Sijui nimwambie nini. Usiniambie kwamba sina hatia, nimeshaambiwa na kila mtu na haijasaidia kitu.

Wataniruhusu mwezi wa nane.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 12, mwezi wa saba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nimemshukuru Mungu kwa mguu mfupi, maana huo unarudi nyumbani. Nimelia, kisha nimeosha uso nikaenda kazini, kisha nimerudi nimeandika.

Sitakuambia kwamba huna hatia. Tandiko nililituma mimi. Rangi nilipaka mimi. Tukianza kugawana, hakitabaki cha kumpa Afande wala Daktari, nao pia wana haki yao. Tuache hapo.

Mama yake Mrefu mwandikie kwamba mwanawe alikufa ameuziba mdomo wa nyumbu kwa mikono yote miwili ili wenzake wasisikike. Ni kweli, nayo inatosha. Nyumbu alikuwa anamlilia nani, hilo halihitaji. Ukimaliza kuandika, mwambie pia kwamba alikuwa anakutania. Mama hupenda kujua mtoto wake alikuwa anachekesha.

Barua yako nilimpelekea Daktari. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akaniuliza mimi ningefanyaje. Nikamwambia Bi Mkubwa atolewe zizini kabla ya ndoo, apelekwe mbali, kule ng'ambo ya stesheni, wasimwone wala wasimnuse. Wakigongewa ndoo hapo, ndipo utajua nani mkimya. Tumefanya hivyo. Hakuna mkimya, mwanangu. Tangu tuanze hajapatikana hata mmoja. Wote wanalia, na wote wanakwenda kwenye kisu, hata wale ambao zamani ningewapaka rangi nikafurahi siku nzima.

Dawa ya usingizi imekwisha kabisa, na haijulikani italetwa lini. Daktari alitaka kuleta kamba na wanaume wa kupakia mizigo. Nikamwambia hapana haja. Huwa nakuja mapema, nakaa na mmoja mmoja, nampa shayiri mkononi, namkuna nyuma ya masikio, namwambia maneno. Nawapenda, sitaki uulize kama nawapenda. Kisha Daktari anaingia na mimi nashika kichwa.

Juzi waliletwa wengine, na jana nimewashika wote. Wakiwa na mtu wanayemwamini hawasumbui.

Shangazi yako